Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Daraja la Wami

Nimeipita barabara ya Chalinze–Segera tangu nikiwa mtoto wa kupakatwa, basi likielekea Tanga. Siku hizi kila nikipita na ndugu au mgeni, maswali dirishani ni yale yale: mbona liko juu hivi, mbona halina nyaya, kile kinachogonga chini ya tairi ni nini. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Mwenye haja na jambo moja tu aende moja kwa moja kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

Daraja la Wami liko wapi hasa?

Liko mkoa wa Pwani, kwenye barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, kati ya Msata na Mbwewe, jirani na Mandera. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi au Arusha kwa barabara hii, lazima ulipite, hata ukikwepa Chalinze kwa kupitia Bagamoyo, maana barabara ya Bagamoyo inaungana na hii hapo Msata, kabla ya mto. Malori ya kwenda Kenya kupitia Horohoro, Holili na Namanga nayo yanapita hapa.

Je, ndilo lile la Wami Dakawa?

Hapana, na watu wengi wanachanganya. Mto ni mmoja, ila madaraja ni mawili na barabara ni mbili. La Dakawa liko mkoa wa Morogoro, kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma. Hili tunalolizungumzia liko chini zaidi, mto ukielekea baharini. Ukisikia redioni kwamba maji yamejaa Wami, uliza kwanza ni Wami ipi kabla hujaahirisha safari.

Mto wenyewe unatoka wapi?

Maji yanakusanyika kutoka milima ya Ukaguru na Nguru, pamoja na vijito vinavyotoka upande wa Dodoma, kisha yanaingia Bahari ya Hindi kwenye eneo la Saadani. Mamba na viboko wamo. Maji ya bomba ya Chalinze nayo yanachotwa mto huu huu.

Lina urefu gani, na lilijengwa lini?

Lina urefu wa takribani mita 510, likiwa na barabara unganishi mpya pande zote mbili. Ujenzi ulianza mwaka 2018, na magari yakaanza kulitumia mwaka 2022. Mwenye kazi alikuwa Wakala wa Barabara, TANROADS, na fedha zilitoka serikalini.

Kuna kulipia?

Hakuna. Wanaouliza hivi mara nyingi wanafikiria daraja la Kigamboni, ambalo lina tozo.

## Lile la zamani, na kwa nini halikutosha

Shida ya daraja la zamani ilikuwa nini hasa?

Lilijengwa mwaka 1959, likiwa fupi, jembamba, la kupitisha gari moja kwa wakati mmoja, na lilikaa chini kabisa bondeni. Mwaka 1959 barabara hiyo ilikuwa na magari machache, na daraja la namna hiyo lilitosha. Miaka sitini baadaye palipita mabasi ya mikoani usiku na mchana, semi za makontena na Fuso za mahindi, zote zikisubiriana pale pale.

Ubaya wenyewe haukuwa wembamba peke yake. Kulifikia daraja ulikuwa unashuka mteremko mkali wenye kona, na chini ya mteremko ndipo unakuta njia inabana kuwa moja. Ukishavuka unapanda mlima mwingine kama ule. Gari lililoshindwa kusimama halikuwa na pa kukimbilia: mbele foleni, pembeni mto.

Naikumbuka harufu yake hadi leo. Basi likianza kuteremka, mama alikuwa akinifunika pua kwa upindo wa khanga, kwa sababu breki za malori yaliyotutangulia zilikuwa zikinuka kama mpira unaoungua. Mlimani upande wa pili, utingo alikuwa akitembea kwa miguu nyuma ya lori lake lililokuwa likipanda polepole, kigingi cha mbao mkononi, tayari kukitupia chini ya tairi endapo gari lingeanza kurudi nyuma. Alikuwa kijana mdogo, peku, macho kwenye tairi tu. Abiria wote dirishani tulinyamaza mpaka lile lori lilipofika juu.

Kwa nini breki zilikuwa zinafeli mteremkoni? Si uzembe wa madereva tu?

Uzembe ulikuwepo, lakini hesabu nayo ni ngumu. Chukua lori la tani 30 likishuka mita 50 kwenda chini. Nguvu inayopatikana kwenye mshuko huo, kama dereva anataka kubaki na mwendo ule ule, lazima igeuke joto, na joto hilo lisipobebwa na injini linakwenda kwenye breki. Linatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Sasa hilo joto lote liko kwenye ngoma za breki, ndani ya dakika chache.

Dereva anayeshuka kwa gia ya chini anaiachia injini ishike sehemu kubwa ya kazi. Anayeweka nyutro ili aokoe mafuta anaibebesha breki mzigo wote. Ngoma ikishapata moto kupita kiasi, mguu unazama na gari halishiki. Ndiyo maana nasema tiba ya Wami haikuwa kuongeza vibao vya onyo peke yake. Vibao vilikuwepo. Mteremko wenyewe ndio uliohitaji kuondolewa.

Kwa nini basi hawakupanua lile lile?

Kwa sababu ungepata daraja pana chini ya mteremko ule ule. Magari yangepishana, sawa, lakini yangefika pale na breki zile zile za moto. Kujenga mahali pengine kuliruhusu barabara inyooshwe na daraja lipandishwe juu. Faida nyingine ni kwamba magari yaliendelea kupita la zamani wakati wa ujenzi. Barabara hii haina mbadala wa karibu wa kubeba malori yote hayo kwa miaka minne.

Mbona liko juu hivi wakati Wami haina meli?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana linagusa kiini cha jambo. Watu wamezoea kudhani daraja hupandishwa ama kwa ajili ya maji ama kwa ajili ya vyombo. Kilifi, kwa mfano, mashua hupita chini ya daraja. Hapa Wami daraja limepandishwa kwa ajili ya *bonde*.

Barabara inakuja juu ya ukingo wa bonde, na badala ya kuiteremsha hadi kwenye maji kisha kuipandisha tena, wahandisi wameipitisha hewani kutoka ukingo hadi ukingo. Ndiyo sababu daraja ni refu mno kuliko upana wa mto. Simama pembeni utazame chini: maji yanachukua sehemu ndogo tu ya hizo mita 510. Kwingine kote ni nchi kavu yenye miti. Urefu wote huo umelipiwa ili lori lisishuke.

## Linavyosimama

Daraja la mihimili ni nini?

Ni aina kongwe kuliko zote, na Wami ni mojawapo. Ukilaza gogo juu ya kijito umeshajenga moja. Mhimili unalala juu ya nguzo, mzigo unaupinda kidogo, na ule uimara wa mhimili dhidi ya kupinda ndio unaolibeba gari. Sehemu ya juu inabanwa, ya chini inavutwa, ama kinyume chake pale juu ya nguzo.

Zege linavumilia sana kubanwa, lakini likivutwa linapasuka mapema. Kwa hiyo ndani yake hupitishwa nyaya za chuma zenye nguvu, kisha zinavutwa kwa jeki na kufungwa, ili zege likae limebanwa muda wote, hata kabla gari halijafika. Mzigo ukija unapunguza tu ule mbano. Na mhimili wenyewe si gogo la kujaa: una uwazi ndani, kama sanduku refu. Mtu anaweza kutembea humo kulikagua. Uwazi huo ni wa maana kubwa, kwa sababu mzigo mkuu wa daraja refu la zege ni zege lenyewe. Malori yote yanayopita yana uzito mdogo ukilinganisha na uzito linaoubeba usiku na mchana bila gari hata moja.

Walijengaje mhimili angani bila jukwaa kutoka chini?

Mfikirie mbeba maji mwenye mzega begani, ndoo moja mbele, moja nyuma. Ukimwongezea maji ndoo ya mbele bila ya nyuma, anayumba. Ukiongeza sawa kwa sawa, anasimama.

Ndivyo ilivyo. Nguzo inajengwa kwanza hadi juu. Juu yake kinamwagwa kichwa cha mhimili. Kisha pande zote mbili hufungwa fomu inayoning'inia, yaani kalibu ya kumwagia zege, na kipande cha mita chache kinamwagwa kila upande, kwa zamu ya kulingana. Kikishakomaa, nyaya zinapitishwa na kuvutwa, fomu inasogezwa mbele, na kazi inarudiwa. Mhimili unaota kutoka kwenye nguzo kama mikono miwili inayonyooka, mpaka mkono wa nguzo hii unakutana na wa nguzo ile hewani, na pengo la mwisho linazibwa. Hakuna jukwaa linalogusa mto. Mafuriko yakija kazi inaendelea juu.

Mafundi wana msemo kwamba zege halilali. Hapo msemo huo hauna fumbo: kipande kikianza kumwagwa lazima kiishe, hata usiku wa manane, kwa sababu zege jipya likikutana na lililoanza kuganda panabaki mshono dhaifu.

Kwa nini mhimili ni mnene kwenye nguzo na mwembamba katikati?

Jibu limo kwenye mzega wa swali lililotangulia. Mkono ulionyooka unaumia begani, hauumii vidoleni. Hivyo zege linarundikwa panapouma na kupunguzwa pasipouma. Ule mpindo mzuri unaouona ukilitazama kwa mbali haukuwekwa kwa ajili ya urembo, japo mimi huutazama kila safari.

Mbona hakuna nyaya za juu kama Kigamboni?

Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, linabebwa na nyaya zinazoshuka kutoka kwenye minara, na sababu yake ni nafasi kubwa iliyoachwa kati ya nguzo na nguzo katikati ya mkondo. Wami hapakuwa na haja hiyo. Nguzo zinaweza kusimama bondeni. Mahali nguzo zinapokubalika, mhimili wa zege ni rahisi zaidi kuutunza: hakuna nyaya za nje za kulindwa na kutu, na hakuna minara.

Ule mlio wa "tak-tak" nikiingia na kutoka ni nini?

Ni jointi. Zege linatanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Daraja la mita 500 likibadilika joto kwa nyuzi 20 linarefuka kwa takribani sentimita 10, na lisipoachiwa nafasi litasukuma kuta za mwisho hadi zipasuke. Kwa hiyo huachwa pengo, na juu yake hufungwa kifaa cha chuma na mpira kinachofunguka na kufunga.

Ukilitazama pengo kama hilo kwa karibu, utaona jinsi linavyojaa mchanga, vijiwe na vizibo vya chupa. Mchanga ukijaa, mpira haubanwi tena, na daraja linakosa pa kutanukia. Kazi ya kuusafisha ni ya ufagio na koleo, na ni katika kazi zenye thamani kubwa kuliko zote darajani. Mlio wa wastani ni kawaida. Mlio mkubwa wa chuma kilicholegea si kawaida, na unafaa kuripotiwa.

Nilisimama juu nikahisi linatikisika. Ni salama?

Ndiyo. Mhimili usiopinda hata kidogo haupo. Unapinda kidogo lori likipita, kisha unarudi, na mwili wa binadamu ni mwepesi sana kuhisi mtikiso huo. Chini ya mhimili, panapokutana na nguzo, huwekwa pia beringi zinazouruhusu kusogea kwa utaratibu. Cha kutia shaka ni ufa unaopanuka, kutu inayochuruzika, au sakafu iliyozama.

## Mto na mvua

Mafuriko yanaweza kulibeba?

Maji hayawezi kuifikia sakafu yake. Hatari ya mto kwa daraja la juu iko chini, kwenye miguu ya nguzo. Maji yaendayo kasi yakigonga nguzo yanazunguka na kuchimba udongo unaoizunguka, na shimo hilo linajifukia mto ukipungua, kwa hiyo ukija kiangazi hulioni. Ndiyo maana misingi hushushwa chini sana, mpaka kwenye tabaka gumu.

Tulishaona maji yanavyofanya kwenye vivuko vya chini. Machi 2020 daraja la Kiyegeya, barabara ya Morogoro–Dodoma, lilikatika kwa mvua na mamia ya magari yakakwama. Kumbuka pia kwamba Wami inaweza kujaa hapa huku mbingu ni nyeupe, kwa sababu mvua ilinyesha Ukaguru siku iliyotangulia.

Kuchimba mchanga mtoni kuna madhara kwa daraja?

Kuna, tena makubwa. Mchanga ukichotwa chini ya daraja, mto unajazia kwa kuuchukua kwingine, na mara nyingi kwingine huko ni kwenye nguzo. Mchimbaji anaondoka na tripu chache. Nguzo inabaki na futi kadhaa pungufu za udongo ulioishika. Ukiona tipa zinapakia karibu na daraja lolote, toa taarifa (tazama swali la mwisho).

## Kupita juu yake

Lori langu linaruhusiwa uzito gani?

Daraja halina kikomo chake cha pekee. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, na kila ekseli (chuma kinachounganisha matairi ya kushoto na ya kulia) nayo ina kikomo: tani 8 kwa ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne. Watu wanaangalia jumla na kusahau ekseli, kumbe ekseli ndiyo inayochoma sakafu. Lami inaumia kwa kasi kuliko uzito unavyoongezeka: ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, madhara yanafika takribani mara 16.

Kwa kuwa mteremko umeisha, naweza kukanyaga mafuta?

Usifanye hivyo. Mteremko wa bondeni umeondolewa, lakini barabara ya kukaribia bado ina mabonde na vilima vyake, na magari yenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa popote. Juu ya daraja pia upepo wa ubavuni unakuwa na nguvu kuliko nchi kavu. Dereva wa pikipiki au wa basi refu tupu atauhisi mara tu anapotoka kwenye miti.

Naweza kusimama katikati nipige picha?

Kwa gari, hapana. Egesha mbali, nje ya barabara kabisa, pande za mwisho. Mwenye droni anahitaji kibali kabla ya kuirusha, hapa kama kwingineko nchini.

Gari likizimika juu ya daraja nifanyeje?

Washa taa za hatari, shusha abiria wote upande wa mbali na magari, waongoze nje ya daraja kwa miguu, kisha weka pembetatu mbali nyuma, mbali kuliko unavyodhani inatosha. Usitengeneze gari ukiwa umelala chini yake darajani. Juu hapo hakuna ukingo wa nyasi wa kukwepea.

## Maswali ya pembeni

Daraja la reli linaloonekana Wami ni la nini?

Ni la njia ya reli inayounganisha reli ya Kati na ya Tanga, kutoka Ruvu hadi karibu na Korogwe, iliyofunguliwa mwaka 1963. Halihusiani na barabara.

Kuna mengine ya mihimili ya kulinganisha?

Nyali, Mombasa, la mwaka 1980, lilichukua nafasi ya daraja la kuelea la 1931, na Kilifi, la 1991, likachukua nafasi ya kivuko. Kwetu, la Mkapa mto Rufiji (2003) ni refu zaidi, karibu mita 970, na la Umoja mto Ruvuma (2010) lina mita 720. Hayo mawili yamerefuka kwa sababu mito yake inatapakaa kwenye tambarare. Wami imerefuka kwa sababu ya kina cha bonde. Ukisikia urefu wa daraja, uliza linavuka nini.

Litadumu miaka mingapi?

Madaraja makubwa ya zege siku hizi huchorwa kwa hesabu ya miaka kama 100. Hesabu hiyo ni ya mihimili na nguzo. Jointi na beringi hubadilishwa mara kadhaa ndani ya muda huo, na matundu ya kutolea maji lazima yazibuliwe kila msimu. Maji yanayotuama juu yanapenya hadi kwenye chuma, na chuma kikishika kutu kinavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Nikiona ukingo wa chuma umekatwa, au bolti hazipo, nimwambie nani?

Polisi walio karibu, au ofisi ya TANROADS mkoa wa Pwani. Kuna watu wanaong'oa vyuma vya barabarani na kuviuza kama vyuma chakavu, kwa bei ya sahani chache za chakula. Ukingo ule uko pale kwa ajili ya usiku mmoja wa mvua ambapo basi litateleza. Sema umeona upande upi, wa kwenda Chalinze au wa kwenda Segera, na ni karibu na mwisho upi wa daraja, ili fundi asianze kutafuta mita 510 zote. Kama una picha, ipigwe na aliyekaa kiti cha abiria.